Saa ya Faki na Kipete cha Mpira

Bismillahi. Ndugu yangu, kisa hiki kimenifikia kwa mkono wa mtu, nami sikuona vyema kikae kwangu peke yangu. Mimi si msomi na sina la kumfundisha mtu. Nimekisoma nikajiona humo, basi. Kisome ukiwa umetulia. Ukifika mwisho, kama kuna mwenzio ambaye sura yake imekujia, mpelekee.

Kulikuwa na mji mdogo kisiwani, wenye gati moja, na kwenye gati hilo alikuwapo mpiga mbizi aitwaye Faki Mcha. Mnyororo wa boya ukilegea, anaitwa Faki. Wavu ukijisokota kwenye panga la boti, anaitwa Faki. Mtu akiangusha funguo, au simu, au cherehani ya bibi harusi kama ilivyotokea mwaka mmoja, anaitwa Faki. Watu walikuwa wakimtania kwamba vyombo alivyoviona chini ya bahari ni vingi kuliko vilivyomo dukani.

Faki alikuwa mtu wa swala, mchapakazi, asiyekula cha mtu. Lakini alikuwa mkali, na ukali wake hakuuona kuwa kasoro.

"Bahari haitaki watu wa pamba," alikuwa akisema. "Inataka chuma. Tazameni saa yangu."

Kisha anainua mkono watu waione.

Saa yenyewe ilikuwa ya kupigia mbizi, ya chuma kitupu, nzito, kioo chake kinene kama kitako cha glasi ya chai. Aliachiwa na marehemu Mzee Silima, aliyemfundisha kazi. Mzee Silima alipokuwa hoi kitandani, aliivua mwenyewe mkononi akamfunga Faki, akamwambia, "Hii imeshuka na mimi na kupanda na mimi. Itunze, nayo itakutunza." Tangu siku hiyo Faki hakuwahi kushuka bila saa ile. Na si kwa mapenzi tu. Mtungi wake wa hewa ulikuwa wa zamani, kipimo chake kilishakufa, hivyo saa ndiyo iliyomwambia pumzi imebaki kiasi gani. Saa ikisema panda, anapanda.

Sasa, Faki alikuwa na ada aliyoirithi kwa wazee wa mji ule. Zamani, kabla ya redio na simu, wazee walitia saa zao majira kwa kuchwa kwa jua. Muadhini akiinua sauti ya magharibi, saa ni kumi na mbili, hakuna mjadala. Wengi walishaiacha ada hiyo. Faki hakuiacha. Kila jioni alikaa kwenye kizingiti cha msikiti akisubiri. Adhana ikianza, anakizungusha kile kichwa kidogo kilicho ubavuni mwa saa mpaka kinalegea, anakivuta nje, anaipeleka mishale yote miwili juu, halafu anakirudisha ndani kwa kidole gumba. Mara nyingi mishale ilisogea chini ya unene wa unywele. Haidhuru. Ada ni ada.

Na unajua magharibi haina nafasi. Adhana ikiisha tu, swala inakimiwa. Basi Faki akishakisukuma kile kichwa, huyoo, safu ya mbele, nyuma ya imamu, mahali pake pa miaka yote.

Mshika kamba wake aliitwa Ussi. Mpiga mbizi hashuki bila mtu wa kumshikia kamba juu, na huyo wa juu ndiye mwenye roho ya mwenzake mkononi. Ussi alikuwa mdogo kwa Faki kwa umri, mrefu, mcheshi, mwenye kuchelewa kila mahali isipokuwa kazini. Msikitini alikuwa mtu wa safu ya nyuma, anaingia akitweta, miguu bado inachuruzika maji ya udhu.

"Wewe Ussi," Faki alikuwa akimwambia, "hata peponi utaingia watu wanatoka."

"Madhali nitaingia, kaka," Ussi anajibu. "Utaniwekea nafasi huko mbele kwenu."

Kila asubuhi ya kazi mambo yalikuwa yale yale. Faki anavua saa, anampa Ussi aishike, anajipenyeza kwenye nguo yake ya mpira huku akinung'unika kwamba inabana. Akishavaa, ananyoosha mkono, naye Ussi anamfunga saa juu ya mkono wa ile nguo. Kisha kamba kiunoni. Kisha Bismillahi, na maji.

Ikawa asubuhi moja Faki aliwahi kuvaa, akageuka ghafla. Akamwona Ussi ameiinamia saa, vidole viwili viko kwenye kile kichwa cha pembeni, anakizungusha.

"We! Unafanya nini?"

Ussi alishtuka. "Hamna, kaka. Naiweka sawa tu."

"Sawa ya nini? Hiyo saa nimeitia majira jana kwa adhana. Wewe unaitia kwa nini, kwa njaa yako?"

Wapagazi waliokuwa wakishusha magunia karibu yao walicheka. Ussi naye alicheka kidogo, akafungua mdomo kama mwenye la kusema, kisha akaufunga.

"Lete hapa," Faki alisema. "Kuanzia leo nitajifunga mwenyewe. Saa ya Mzee Silima si kitu cha kuchezea."

Na kweli, tangu siku hiyo akawa anajifunga mwenyewe, kwa taabu, mkanda ameuuma kwa meno. Ussi akabaki na kamba yake tu.

Jioni moja baadaye, siku ya kazi, kizingitini, Faki alipokishika kile kichwa cha saa alikikuta chepesi. Hakikuhitaji kulegezwa, kilikuwa tayari kimelegea. Kesho yake kazi, jioni hivyo hivyo. Moyo ukamwambia: Ussi huyo. Alipokuwa akikizungusha zungusha, ameua hesi zake, zile njia za skrubu zinazokikaza. Akanuna, akaswali akiwa amenuna, Mungu amsamehe.

Haukupita muda mrefu, ikaja kazi ya mnyororo wa boya la mlango wa bandari. Walitoka na boti ndogo, Faki na Ussi na nahodha. Walikubaliana Faki awe ameshapanda kabla adhana ya adhuhuri haijaisha, kwa sababu hewa ya mtungi haikuvuka hapo.

Chini kulikuwa kumetulia. Faki aliushika mnyororo, akaanza kuibadilisha pingu yake iliyoliwa na kutu. Kazi ilimkolea. Alitupa jicho kwenye saa: muda bado upo. Akaendelea. Akatazama tena: bado upo. Akafurahi kwamba leo kazi inakwenda mbio.

Mara kamba ikamvuta kiunoni, mara mbili. Maana yake: panda.

Faki alijibu kwa kuvuta mara moja: bado.

Kamba ikavuta tena mara mbili, kwa nguvu zaidi. Faki akapuuza. Ndipo Ussi juu kule alipotia miguu ukingoni mwa boti akavuta kama anayetoa ng'ombe kisimani. Faki akanyanyuka bila kutaka, na mwisho ikambidi apande kwa utaratibu wake huku akitukana kimoyomoyo.

Alipotokeza juu, akapokea pumzi ya mwisho kwenye mpira wa mtungi, na ya pili haikuja. Mtungi ulikuwa mtupu. Lakini hasira haikumpa nafasi ya kulitambua hilo.

"Una wazimu? Kazi ilibaki kidogo! Nilikuwa na muda!"

"Kaka, adhana imeshaisha," Ussi alisema, viganja vimechunika kwa kamba. "Watu wanaingia kuswali."

"Adhana gani? Tazama sa…"

Akainua mkono. Mishale ilikuwa pale pale ilipokuwa mara ya mwisho, na mara ya kabla yake. Chini ya kile kioo kinene kulikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu, tone moja la maji ya chumvi likitembea taratibu.

Faki aliitazama saa, akamtazama Ussi. Mtu mwingine angesema alhamdulillahi, ndugu yangu umeniokoa. Yeye hakusema. Walipofika gatini, mbele ya wapagazi, wauza urojo na abiria waliokuwa wakingoja boti, akapaza sauti.

"Mnaona? Saa ya Mzee Silima imekufa! Miaka yote haikuingia tone. Nimemkuta huyu kwa macho yangu anakichezea kichwa chake. Ameua hesi, maji yameingia, na leo nusura nife. Ussi, usinishikie kamba tena. Wala yangu wala ya mtu yeyote kwenye gati hili."

Ussi hakujitetea. Aliikunja kamba, kitanzi juu ya kitanzi, kama alivyofanya kila siku, akailaza chini miguuni mwa Faki.

"Kamba yako hiyo, kaka. Ina maji, usisahau kuianika."

Akaondoka.

Faki alipata mshika kamba mwingine. Kijana mwema, lakini kila boti ikipita alikuwa akiipungia mkono, na ule mkono ndio ulioshika kamba. Faki chini ya maji akawa hana raha. Anafanya kazi huku amekodoa macho juu kama kuku anayemwogopa mwewe. Nyumbani nako, mkewe alizoea kutia maji ya ziada kwenye birika asubuhi kwa ajili ya Ussi. Sasa birika linabaki.

"Ussi haji siku hizi," mkewe alisema.

"Ana shughuli zake."

"Shughuli gani? Nimemwona sokoni anapara samaki wa watu."

Chai ilimshinda Faki, akaiacha kikombeni. Siku hiyo akaifunga ile saa ndani ya leso, akaenda mji mkubwa kwa fundi saa.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Mwanakombo, aliyerithi meza ya baba yake pamoja na miwani yake. Duka lake lilikuwa jembamba kama korido, na saa za ukutani humo hakuna mbili zilizokubaliana.

"Hizi zote mbovu?" Faki aliuliza.

"Nzima zimeshachukuliwa na wenyewe," Bi Mwanakombo alisema. "Lete yako, kaka angu. Ina nini?"

"Kuna mtu ameiharibu. Ameua hesi za kichwa."

"Haya, tumuone huyo mtu."

Aliifungua mgongo, akamwaga kijiko cha maji ya bahari kwenye kitambaa, akatoa mtambo wa ndani na kuuweka kwenye spiriti. Kisha akabaki na lile kasha tupu la chuma na kile kichwa chake kidogo. Akazitazama hesi kwa muda mrefu.

"Hesi hazina neno. Nzima kabisa."

"Haiwezekani."

"Njoo uone mwenyewe." Akachukua kibano, akachomoa kitu ndani ya kile kichwa, akakiweka juu ya ukucha wake. Kilikuwa kipete cha mpira, cheusi, chembamba, kidogo hata pete ya mdoli ni kubwa kwake. "Mgonjwa wako huyu."

Faki akainama. "Hako ka-mpira?"

"Haka ndiko kanakozuia bahari."

"Bi Mwanakombo, usinitanie. Saa yangu ya chuma. Chuma hakipitishi maji."

"Chuma hakipitishi, kweli. Ila hapa pembeni pana tundu. Lazima liwepo, ama sivyo utaitiaje majira? Na chuma juu ya chuma, hata uchonge vipi, maji yanapita katikati. Kigumu hakijui kujaza nafasi. Ni hiki laini ndicho kinachojua. Kikibanwa kinatanuka, kinaingia kila pengo, maji yanakosa njia." Akakibonyeza kile kipete kwa ncha ya kibano. Kilikuwa kimepauka na kuchoka, upande mmoja umesagika. "Lakini mpira nao una maisha yake. Ukivutwa na kusukumwa kila mara, unasagika. Ukikosa grisi, unakauka. Ukishakauka unakuwa mgumu, na ukishakuwa mgumu hauna faida tena. Unaifungua mara nyingi?"

"Kila magharibi."

Bi Mwanakombo aliivua miwani. "Kila magharibi! Kwa nini?"

Faki akamweleza ada yake. Bi Mwanakombo hakucheka, kwa kuwa baba yake naye alikuwa na ada hiyo.

"Na ukishaitia majira, unakifungaje kichwa?"

"Nakisukuma ndani."

"Kisha?"

"Kisha naswali."

"Hukikazi? Kuna hesi hapa, kaka angu. Ukishakisukuma, unakibana huku unazungusha mpaka kigome. Kisipogoma, hiki kipete hakijabanwa. Kimekaa tu kama mtu aliyeegemea mlango bila kutia komeo."

Faki alijitazama kwa macho ya moyo, kizingitini, kidole gumba, kisha mbio safu ya mbele. Kukaza? Hakukumbuka kukaza hata jioni moja.

"Lakini miaka yote maji hayakuingia," alisema.

"Ndilo linalonishangaza. Kipete hiki kimechoka zamani. Kwa kichwa kisichokazwa, maji yangeshaingia ndani ya mbizi chache." Akachota maji ya moto kwenye bakuli. Akakirudisha kipete mahali pake, akalifunga kasha tupu, akaacha kichwa kimesukumwa tu, akalitumbukiza. Vipovu vidogo vikaanza kupanda kutoka pembeni, mlolongo kama tasbihi. Akalitoa, akakikaza kichwa mpaka kikagoma, akalitumbukiza tena. Kimya. Hakuna hata kipovu kimoja. "Umeona. Hata hiki kizee, kikibanwa, kinashikilia. Sasa niambie. Jioni ulipokuwa ukitaka kukivuta, ulikikuta kimekaza au kimelegea?"

"Kimekaza. Ilibidi nikilegeze kwanza." Faki alikunja uso akikumbuka. "Siku za kazi, yaani. Ijumaa tusipofanya kazi nilikikuta chepesi."

Bi Mwanakombo akamtazama. "Saa yako hodari. Inajua Ijumaa."

Faki hakucheka.

"Kaka angu, kichwa hakijikazi chenyewe. Wewe hukukaza. Siku za kazi, saa yako hushikwa na nani?"

Saa zote zile zisizokubaliana zikawa zinagonga kila moja kwa hesabu yake, na Faki amesimama katikati yao ameishika ile leso tupu. Aliona vidole viwili vya Ussi. Alisikia, "Naiweka sawa tu." Aliuona ule mdomo uliofunguka ukafungwa. Siku ile ndiyo aliyomnyang'anya saa, na tangu siku ile ndipo kichwa kilipoanza kuwa chepesi. Ule ulegevu alioufanya ushahidi ulikuwa ni ushahidi, ila yeye ndiye alikuwa mshitakiwa.

"Astaghfirullahi," alisema. "Nilimfukuza."

"Nani?"

"Aliyekuwa akinizibia bahari."

Bi Mwanakombo alikwisha kurudi kwenye kazi yake, anapaka grisi kipete kipya, chembamba kama uzi. "Mlikuwa wawili tu ulipomfukuza?"

"Mbele za watu."

"Aa," alisema, akakitia kipete mahali pake.

Njia nzima ya kurudi Faki alikuwa akijadiliana na nafsi yake. Nafsi ikamwambia: pitia sokoni, mnunulie tende, mwendee nyumbani jioni kukiwa na utulivu. Mpe mkono, muulize habari za watoto, kesho arudi kazini. Ussi si mtu wa kinyongo. Ataelewa bila kuambiwa. Na kweli Faki alikwisha kununua tende, alikwisha kufika kichochoro cha kina Ussi, alipoona kwamba maneno aliyoyamwaga gatini bado yako gatini. Tende hazitayaokota.

Akaenda kwenye meza za samaki. Ussi alikuwa amejifunga kanga ya mkewe kiunoni, magamba mpaka kwenye nyusi.

"Kaka Faki! Karibu. Unataka changu au pono?"

"Nakutaka wewe. Twende gatini."

"Nina samaki wa watu hapa."

"Nitakusaidia kupara. Twende kwanza."

Ussi alimtazama usoni, akanawa mikono.

Gatini ilikuwa saa ya watu. Wapagazi walikuwepo, wauza urojo walikuwepo, na boti ndiyo kwanza imefunga kamba. Faki alisimama pale pale aliposimama siku ile. Miguu ilikuwa mizito kuliko anapovaa mikanda ya risasi ya kumzamisha.

"Jamani, nisikilizeni. Nilisema hapa kwamba Ussi ameniharibia saa. Nimemsingizia. Niliyeiharibu ni mimi. Kila jioni nilikuwa naiacha wazi nakimbilia swala, na kila asubuhi huyu alikuwa anaifunga, kimya, bila kunidai hata asante. Siku niliyomkataza, ndiyo siku maji yalipopata njia. Na siku ile saa ilipokufa, alinivuta nikiwa nimebakiwa na pumzi moja. Mtu kaniokoa mara mbili, nami nikamfukuza. Ussi, nisamehe, mbele ya hawa hawa."

Kisha mpagazi mmoja, mtu mzima mwenye gunia bado begani, akasema, "Basi Ussi, njoo na kwangu. Mke wangu anasema mdomo wangu nao haujakazwa!"

Kicheko kikapasuka. Ussi naye alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya ile kanga, na magamba yakambaki shavuni.

"Nimeshasamehe, kaka. Wallahi, nilisamehe kabla sijafika nyumbani. Kilichoniuma ni kamba tu. Najua huianiki."

"Lakini kwa nini hukuniambia? Siku ile nilipokushika, kwa nini hukusema?"

"Nilikuambia," Ussi alisema.

"Lini?"

"Mwaka wa kwanza nilipokuja kwako. Nilikwambia, kaka, hiki kichwa umekiacha wazi. Ukaniambia saa hii imeshuka baharini mimi nikiwa bado naogopa kisima, nisikufundishe." Akainua mabega. "Nikaona nikisema nitakuudhi, nikinyamaza utakufa. Kukaza hakuna kelele. Nikawa nakaza."

Faki alimkabidhi ule mfuko wa tende, kwa kuwa mikono yake haikujua ifanye nini kingine, kisha wakarudi wote wawili sokoni, na yule mtu aliyejiita chuma akapara samaki mpaka wakaisha, vibaya, akichomwa na miiba na kuchekwa na wenye samaki.

Saa ilipona. Bi Mwanakombo aliirudisha na kipete kipya na onyo: isifunguliwe kila siku. Faki akakubali. Akawa anaitia majira jioni moja tu kwa wiki, Alhamisi, kuingia Ijumaa. Na asubuhi za kazi akawa anamkabidhi Ussi kama zamani, naye Ussi akishakikaza kichwa na kumfunga anasema kwa sauti, gati zima lisikie, "Imegoma, kaka!"

Alhamisi ya kwanza, Faki alikaa kizingitini. Adhana ikaanza. Akakilegeza kichwa, akakivuta, akaipeleka mishale juu, akakisukuma. Adhana ikaisha. Ndani, swala ikakimiwa, na mahali pake nyuma ya imamu pakawa panamngoja. Miguu ikataka kuondoka. Akaizuia. Akakibana kichwa kwa vidole viwili, akazungusha pole pole, akazungusha tena, mpaka akakisikia kimefika mwisho wake.

Alipoingia, safu ya mbele ilikwisha kujaa. Akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Mara mtu akaingia akitweta, miguu inachuruzika maji ya udhu, akajipanga ubavuni mwake bega kwa bega, mpaka pasibaki pengo baina yao.

"Imegoma?" Ussi alinong'ona.

"Imegoma," Faki alisema, na wote wawili wakainua mikono kwa takbira.

Funzo: Usijisifu kwa ugumu wako, kwani huenda kinachokuweka salama ni upole wa mtu anayefunga kimyakimya ulichokiacha wazi, mtambue kabla hujamfukuza, na ukiwa umemkosea mbele za watu, mtake radhi mbele za watu.